Wabebaji wa vifaa vya ofisi visivyotumika: hela ndogo, ila kwenye data wako vizuri

Tuliwapa mzigo wa ofisi nzima, kompyuta za mezani, laptop zilizokufa, printa, seva ya zamani, viti na meza, na nasema mapema kabisa kama unatafuta hela ndefu hawa sio watu wako. Bei ya viti ilikuwa ya kukuondolea tu mzigo, na zile skrini za kizamani zenye kisogo hawakununua, wakataka sisi ndo tuwalipe. Wenzangu walikasirika ila kioo chake kina madini ya risasi, kuzichakata salama kuna gharama, mimi anayezibeba bure bila hata swali ndo namuogopa, mwisho wake anazitupa jalalani.

Kilichonikosha ni diski. Walipita mashine moja moja wakaandika namba iliyobandikwa chini, alafu tukapewa cheti kinachoonyesha kila diski na namba yake, imefutwa kwa njia gani na lini, sio ile karatasi moja yenye muhuri inayosema "vyote vimeteketezwa" basi. Mkaguzi wa hesabu akija unaweka rejista ya mali pembeni, unalinganisha, kwisha.

Watu bado wanaamini ukishaformati imetoka, wapi! Formati ya haraka inaondoa orodha tu, mafaili yako palepale na kuna programu za bure za kuyarudisha. SSD, zile diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani, ndo usiseme, hata ukiandika juu yake mara kibao kuna sehemu hazifikiwi, inabidi utumie amri ya kufuta ya diski yenyewe au isagwe. Nilimuuliza fundi wao makusudi akajibu hivyohivyo bila kubabaika, alafu akaenda kwenye fotokopi kubwa akachomoa diski yake, maana nyingi za maofisini zina diski na inaweza kuwa imebaki na nakala za mlivyotoa.

Anayeona haya ni mbwembwe aangalie Morgan Stanley, benki kubwa ya Marekani, 2022 walikubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa SEC, tume ya huko inayosimamia masoko ya hisa, kwasababu walimpa kazi hii mtu wa kuhamisha mizigo asiye na uzoefu wa kufuta data, vifaa vingine vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni na taarifa za wateja zikiwa bado ndani.

Sasa lawama. Simu hawapokei, barua pepe wanajibu wakijisikia. Na laptop iliyofungwa na akaunti ya kampuni au paswedi ya BIOS (ile inayoulizwa mashine ikiwaka tu, kabla hata ya Windows) wanaihesabu kama spea tu hata kama ni nzima, yani bei inaporomoka na hawakwambii kabla, kwahiyo toa akaunti zote mapema. Betri zilizovimba zitenge pembeni usizichanganye na mzigo, wana boksi lake. Katriji za wino wa printa hawabebi kabisa, hizo tafuta mtu mwingine.

Nyota nne.