Tuzo za mitandao ya kijamii Tanga: ukumbi mzuri, hesabu mbaya

Nimehudhuria usiku wa tuzo za mitandao ya kijamii hapa Tanga kwa kiingilio cha shilingi 20,000, na kwa upande wa maandalizi sina lawama: viti vilitosha, sauti ilisikika hadi nyuma, na shughuli ilianza kwa wakati uliotangazwa. Kilichoniumiza ni namna washindi wanavyopatikana.

Kila kipengele, hata kile cha ukurasa wenye manufaa kwa jamii, huamuliwa kwa kura za ujumbe mfupi peke yake, na mtu mmoja huruhusiwa kupiga kura mara nyingi kadiri salio lake litakavyomfikisha. Wiki moja kabla ya fainali nilikuwa barazani Ngamiani, nikamwona mpwa wa mshiriki mmoja ameweka simu tatu juu ya mkeka. Anatuma namba ya mjomba wake kwa simu hii, anahamia ile, na salio likiisha anakwenda kibandani kununua vocha nyingine. Kijana yule hakuvunja sharti lolote. Sharti lenyewe ndilo bovu, kwa kuwa linapima ukubwa wa ukoo na uzito wa mfuko, na kazi ya mshiriki haimo kabisa katika hesabu.

Mimi nilimpigia kura kijana anayeandika kila alfajiri bei za samaki wanaoshushwa kwenye soko la samaki la Deep Sea. Hueleza kama ni bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa sana, au maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, na upepo wa kusi umeamkaje, na giza la mwezi likikaribia huwaarifu akina mama wakaangaji wajiandae, kwa maana wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa, na penye mbalamwezi taa hazifui dafu. Shangazi yangu, anayekaanga samaki Chumbageni, hatoki nyumbani kabla hajasomewa ukurasa huo, kwani nauli ya kwenda na kurudi mikono mitupu ni hasara asiyoweza kuibeba. Wafuasi wa kijana huyo hawafiki 2,000. Alishindwa na ukurasa wa vichekesho, ambao nami huufuatilia na kuufurahia, lakini ulistahili kushindanishwa na wachekeshaji wenzake.

Husemwa kwamba kura ni sauti ya wananchi. Ningekubali lau kila namba ya simu ingehesabiwa mara moja tu, na lau jumla ya kura za kila mshiriki ingetangazwa. Nilipoiulizia kwenye meza ya waandaaji nilijibiwa kwamba ni siri yao. Hata idadi ya wafuasi, iliyotajwa jukwaani kama sifa, si kipimo cha kutegemewa, maana wafuasi bandia huuzwa mtandaoni kama bidhaa nyingine yoyote.

Ninawaomba waandaaji wateue majaji wanaoijua kazi ya kila kipengele, wawape angalau nusu ya alama, na wabandike vigezo hadharani kabla kura hazijafunguliwa. Kipengele cha ukurasa unaopendwa zaidi kibaki cha wapiga kura, kwa kuwa hicho jina lake linasema kweli. Masharti yakibaki kama yalivyo, mwakani sitalipa kiingilio, na ile shilingi 20,000 nitamnunulia bando kijana wa Deep Sea.