Sindano kwanza, mashine mwisho: pa kuweka hela santuri zisikike vizuri

Mtu akichoshwa na mlio wa santuri zake, wazo la kwanza ni mashine mpya ya kuzichezea. Mimi naliweka la tano. Mpangilio ulio hapa chini unafuata kiasi cha sauti unachopata kwa kila senti, na unamfaa mwenye mashine ya kawaida: mkono una uzito wa nyuma unaozungushwa, na katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, imefungwa kwa skrubu mbili zinazoweza kufunguliwa. Mwenye ile ya sanduku, yenye spika ndani, asipoteze hela kuiremba. Katriji yake ya seramiki huikandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, na spika zinatikisa sindano ileile inayojaribu kusoma. Huyo aende moja kwa moja kwenye nafasi ya tano.

La kwanza: mizani ndogo, pima maji na brashi

Hivi vitatu kwa pamoja havifiki bei ya santuri chache mpya, na ndivyo watu huviruka. Niliwahi kuteseka miezi kadhaa na herufi "s" zilizokwaruza kila mwimbaji alipozitamka. Nikanunua priampu (kifaa cha kukuza ishara dhaifu ya sindano), nikabadilisha waya, mkwaruzo palepale. Siku nilipoweka mizani ya dijitali chini ya sindano ikasoma gramu 1.3. Katriji ilitaka 2.

Wengi hudhani uzito mdogo unaitunza santuri. La. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake, na makovu hayo hayafutiki. Kwa hiyo, kwa uangalifu, ondoa kifuniko cha sindano, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, weka skeli (pete ya namba) kwenye sifuri, kisha zungusha hadi namba aliyotaja mtengenezaji. Uthibitishe kwa mizani, maana skeli za mashine za bei nafuu hudanganya. Kirekebishi cha mvuto wa pembeni (anti-skate) kiweke kwenye namba hiyohiyo kwa kuanzia. Mashine ikae sawa kwa pima maji. Karatasi ya kupangia pembe ya katriji unaweza kuichapisha bure, mradi uhakikishe kwa rula kwamba printa haikubadilisha vipimo. Brashi ya nyuzi za kaboni ipite kabla ya kila upande kuchezwa.

La pili: sindano

Hapa ndipo ningeweka hela halisi ya kwanza. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na lebo kasi imeshuka hadi 21. Mawimbi yaleyale ya sauti yamebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ncha ya duara, inayokuja na mashine nyingi rahisi, ni nene mno kuingia kwenye kona hizo; ndiyo maana wimbo wa mwisho wa kila upande husikika umechoka. Ncha ya duaradufu huingia vizuri zaidi, na ya maikrolini, iliyochongwa nyembamba zaidi, huingia zaidi ya hapo.

Chaguo langu ni familia ya Audio-Technica AT-VM95, kwa sababu sindano zake zote huchomekwa kwenye mwili mmoja. Unanunua VM95E ya duaradufu leo, kesho ukipata unachomeka ya VM95ML bila kugusa skrubu. Audio-Technica wenyewe wanaikadiria duaradufu saa 300 na maikrolini saa 1,000. Bei ya ML inatisha mpaka uigawe kwa saa, ndipo tofauti inapoyeyuka karibu yote. Ila ML haisamehe pembe iliyopinda, kwa hiyo usiruke nafasi ya kwanza. Kama mashine yako ilikuja na Ortofon 2M Red, sindano ya 2M Blue huingia palepale. Wenye mashine ya AT-LP60 wanabaki nyuma kidogo: kwao hubadilishwa sindano tu, na uzito haurekebishwi.

Katriji za koili inayotembea zisikutamanishe sasa. Nyingi hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5 pekee, wakati zile za sumaku inayotembea, kama hizo nilizotaja, hutoa 3 hadi 6. Zitadai priampu nyingine, na sindano yake ikiisha huichomoi mwenyewe nyumbani.

La tatu: spika

Kusema kweli, kama spika zako ni zile ndogo za kompyuta, zipande juu ya sindano kwenye orodha hii. Kilichotumika ndicho chenye thamani kubwa hapa, maana spika nzuri ya zamani bado ni spika nzuri. Kagua sponji inayozunguka koni: ikimomonyoka unapoigusa, dai punguzo au ondoka. Isukume koni polepole kwa vidole, na ukisikia mkwaruzo, koili imeungua au imepinda. Ukishazifikisha nyumbani, usiziweke meza moja na mashine. Besi itapanda kwenye miguu ya meza, iingie kwenye sindano na kurudi tena kama mngurumo.

La nne: priampu ya fono

Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA iliyokubaliwa mwaka 1954, na priampu ndiyo hugeuza hesabu hiyo. Iliyomo ndani ya mashine nyingi hufanya kazi ya kuridhisha. Badilisha ukisikia mvumo au mchacharo hata sindano ikiwa juu, na kabla ya hapo hakikisha waya mwembamba wa ardhini umefungwa. Ukinunua ya nje, sogeza swichi ya nyuma ya mashine kutoka LINE kwenda PHONO. Ishara ikipita kwenye priampu mbili utapata kelele tupu.

La tano: mashine yenyewe

Kabla ya kuihukumu uliyonayo, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia inayobeba santuri na uhesabu mizunguko 100 sindano ikiwa inacheza. Inapaswa kuchukua dakika 3 kamili. Ikichelewa, au sauti ikiyumba, jaribu mkanda mpya wa kuzungusha sinia kwanza, kama mashine yako inao. Ukilazimika kununua, tafuta mkono unaorekebishika na katriji inayobadilishwa. Taa, bluetooth na USB ziwe ziada. Technics SL-1200 zipo tangu 1972 na zilizotumika bado zinauzwa, lakini nyingi zimepitia mikono ya madijei. Shika mkono wake kwa upole uutikise: ukicheza kwenye egemeo, bei ishuke sana au uiache.

Mikeka ya kifahari, vizito vya kukandamiza santuri na waya za bei ya kutisha sikuzipa nafasi. Waya una jambo moja tu la kuzingatia, nalo halina gharama: katriji ya sumaku inayotembea hubadilika sauti za juu waya ukiwa mrefu, kwa hiyo kati ya mashine na priampu weka mfupi.