Laptopu za mtumba: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ukishuka tu Kariakoo, kabla hujafika mtaa wa Aggrey, winga wa kwanza, dalali wa mtaani, atakuvuta mkono: "Bosi, unataka Core ngapi?" Ukijibu "Core i5", umeshaliwa nusu. Prosesa za Core i5, yaani ubongo wa mashine, zilianza kutoka 2009. Kumwambia mtu unataka Core i5 ni kama kwenda kununua gari ukasema unataka la milango minne.

Muulize kizazi. Fungua mashine, soma jina la prosesa lote, na kwa mashine za umri huu uangalie tarakimu inayofuata baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Stika ya pale pembeni usiiamini, zinauzwa kwa karatasi nzima. Mimi sishuki chini ya cha nane, na sababu ninazo mbili. Kwanza, kabla ya hapo prosesa za laptopu hizi za ofisini zilikuwa na viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanya kazi kwa pamoja. Cha nane kikaja na vinne. Kwa hiyo i5-8250U inaipita mbali i7-7600U ambayo winga atakuuzia kwa bei ya juu kwa sababu ya ile "saba" inayong'aa. Pili, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho, ukiacha prosesa chache, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, itaifufua hata ya kizazi cha nne, ninayo nyumbani na watoto wanaichezea, lakini hapa nazungumza na mtu anayetaka mashine ya kazi.

Nimezipanga tano, bora kwanza. Tuanze na ya kwanza.

1. Lenovo ThinkPad T480. Hii ndiyo ninayoandikia sasa hivi. Si nzuri kwa sura: nyeusi, nene, ina kile kidude chekundu katikati ya kibodi ambacho wageni wote wanakigusa kwanza. Ila ina betri mbili. Moja imo ndani, nyingine unaichomoa kwa mkono kama za simu za zamani. Ya ndani ikiwa na chaji, unaweza kutoa ya nje na kuweka nyingine bila kuzima. Kwangu umeme una tabia ya kukatika saa mbili usiku, wakati ndio nimekaa kumaliza hesabu za watu au nimefika dakika ya 80 kwenye gemu la mpira. Betri ya akiba ipo kwenye droo.

Ndani yake RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, zinakaa kwenye nafasi mbili, zote zinafunguka. Yangu nimeinunua na GB 8, nikaongeza nyingine 8 mwenyewe pale mezani. Skrubu naziweka kwenye vizibo vya soda, kila kizibo na upande wake; mwanangu akivipiga teke, usiku umeharibika. Inachaji kwa Type-C, hivyo ukisahau chaja yake utaazima ya mwenzako.

Kasoro zake uzijue. Nyingine zina kioo duni cha 1366 kwa 768: ukikiinamisha kidogo, rangi zote zinageuka majivu. Tafuta cha 1920 kwa 1080. Tundu la Type-C lilikuwa na tatizo la programu yake ya ndani, na Lenovo walitoa marekebisho; kwa hiyo chomeka chaja kwenye tundu hilohilo, uone inachaji, kisha utikise kidogo. Na usichanganyiwe na T480s. Hiyo "s" ni nyembamba zaidi, lakini haina betri ya nje, na RAM yake moja imegandishwa kwenye bodi.

2. HP EliteBook 840 G5. Kama unakutana na wateja na hutaki kuonekana umebeba tofali, chukua hii. Ni ya alumini, spika zake zina sauti ya maana, na RAM nazo ziko mbili za kufunguka. Tatizo ni kwamba G3 na G4 zinafanana nayo, na wapo wanaouza hizo kwa jina hili. Tazama ubavuni: ukiona tundu pana la VGA, lile la projekta za zamani, hiyo si G5. G5 ina HDMI. Jambo jingine, baadhi zina kioo cha kuficha macho ya jirani. Kikiwa kimewashwa, skrini inaonekana hafifu kama imechoka. Bonyeza F2 kabla hujaanza kuiponda bei. Au iponde kwanza, halafu ubonyeze.

3. Dell Latitude 7490. Ngumu, tulivu, haina mbwembwe. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya chaja tu. Dell hizi huitambua chaja yao. Ukichomeka ya kuokoteza ya pini ya duara, mashine inawaka lakini betri inaweza isiingize chaji, na prosesa inapunguza mwendo. Mtu anarudi nyumbani akidhani kauziwa mbovu. Ukiinunua, hakikisha umepewa chaja ambayo mashine inaitambua, na uone asilimia ikipanda mbele ya macho yako.

4. MacBook Air ya 2017. Watu wananunua tofaa. Ndani kuna prosesa ya kizazi cha tano yenye viini viwili na RAM ya GB 8 ambayo haiongezeki, na mfumo wake umeishia Monterey, toleo la 2021. Kama unaitaka hasa, mwenye nayo aiondoe akaunti yake ukiwa umesimama hapo, la sivyo anaweza kuifunga akiwa mbali. Ya 2020 yenye prosesa ya M1 ni habari tofauti kabisa, na bei yake ni tofauti kabisa pia.

5. Mpya ya boksi yenye Celeron N4020. RAM GB 4, hifadhi GB 64 iliyogandishwa. Windows yenyewe inakula karibu nusu ya hifadhi. Harufu ya upya inaisha wiki ya pili.

Chromebook za shule, zile za mfumo wa Google, sizipangi hata namba.

Sasa dukani. Mzigo mwingi huku unatoka maofisini Ulaya. Wenzetu wa Nairobi wanaziita ex-UK. Ukiona alama ya pauni juu ya tarakimu 3, imetoka Uingereza. Ukiona herufi zenye vinukta na viduara kule karibu na Enter, imetoka kaskazini zaidi. Hilo halina ubaya. Ubaya ni mwenye mali wa zamani kutoiachia.

Yalinikuta. Nilinunua mashine safi, nikafika nyumbani nikaifuta yote kama kawaida yangu, nikaiunganisha na intaneti ya simu. Badala ya kuniuliza jina langu, ikaniletea jina la kampuni ya huko Ulaya na kunitaka barua pepe ya kazini. Nilipompigia muuzaji akasema, "Kaka, weka Windows bila kuwasha data." Nikaweka. Kila nikiifuta upya na intaneti ikiwa hewani, kampuni ile inarudi. Sasa nikinunua, naomba ifutwe na kuwashwa upya palepale, nikiwa nimewasha bando langu. Inachukua muda. Nakunywa soda, nasubiri.

Kingine ni nywila ya BIOS, mipangilio ya ndani unayoifungua kwa kubonyeza kitufe mashine inapowaka: F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikikuomba nywila na muuzaji haijui, achana nayo. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uliobaki. Yangu ya nje ilibaki na theluthi moja, nikapunguziwa elfu hamsini. Fungua Notepad, bonyeza kila kitufe. Acha video icheze nusu saa bila chaja huku umeweka kiganja karibu na feni.

Bei ya kwanza atakayokutajia winga ina chake ndani, kwa hiyo ulizia duka lenyewe ni lipi na uingie mpaka kaunta. Nilitajiwa laki nane, nikaondoka na T480 kwa laki sita na nusu, pamoja na chaja, risiti ya EFD yenye namba ya mashine, na ahadi ya wiki mbili iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti hiyo.