Apache Camel mbele ya mfumo kongwe wa sacco: tathmini kutoka Kisumu

Mfumo wa mikopo wa sacco ninayoihudumia hapa Kisumu ni wa kabla ya enzi za simu janja, na kila usiku hutoa faili moja ya maandishi ambayo mistari yake yote ina upana uleule: namba ya mwanachama, jina, kisha salio kwa senti. Aliyeuandika hapatikani tena. Wanachama walitaka kuona salio kwa simu, nasi tulihitaji kiolesura cha REST, yaani mlango wa mtandaoni ambao programu nyingine huomba data, kinachojibu kwa JSON (muundo wa maandishi unaosomeka na programu kwa urahisi), bila kuugusa mfumo wenyewe.

Tulichagua Apache Camel, programu huria iliyoanza mwaka 2007 na isiyotozwa ada ya leseni. Kazi yake ni kuchukua data ilipo, kuigeuza na kuifikisha inakotakiwa. Kilichonifurahisha zaidi ni Bindy, sehemu inayosoma faili za aina hii: unaieleza kila uga unaanzia wapi na una herufi ngapi, nayo inakukabidhi rekodi iliyopangika. Namba ya mwanachama tuliitangaza kuwa maandishi, kwa sababu 004172 ikisomwa kama tarakimu hubaki 4172, na mwenye akaunti akijitafuta hajioni.

Majina ndiyo yaliyotutoa jasho. Orodha ya huku Nyanza haikosi akina Ong'ayo, na ritifaa ile (alama ya '), ambayo katika SQL, lugha ya kuagiza hifadhidata, huashiria mwisho wa maandishi, iliikata katikati amri tuliyoiunda kwa kuunganisha maandishi na kuipitisha kwenye jdbc, kijenzi kimojawapo cha Camel cha kuwasiliana na hifadhidata. Kosa lilikuwa letu. Tulipohamia kijenzi cha sql, ambacho hupokea jina kama kigezo kilichotengwa na amri, majina yote yaliingia salama, na mwanachama ana haki ya kuliona jina lake lilivyo.

Kwa sacco yenye msanidi anayeijua vizuri Java, lugha ya programu iliyoandikiwa Camel, naipendekeza bila kusita. Isiyo naye itaelemewa. Toleo la 4 linadai Java 17 au zaidi, hivyo litengewe seva yake.

Hata hivyo, faili ya usiku ni ya usiku. Kila jibu la kiolesura chetu hubeba tarehe ya faili lilikotoka, na sharti hilo tumeliandika kwenye maelezo ya OpenAPI (muundo sanifu wa kueleza kiolesura kwa wasanidi), ili atakayeunganisha programu ya simu asimwonyeshe mwanachama salio la jana kana kwamba ni la leo.