Kiti mwendo cha matairi matatu kwa barabara zetu za vumbi na tope: maoni yangu

Wakuu habari zenu. Tangu niweke picha za chemchemi ya Chemka watu wananiuliza kuhusu kiti ninachotumia, wengine wana ndugu zao wako ndani hawatoki, kwa hiyo naandika hapa mara moja ili kila mtu asome. Mimi nina jeraha la uti wa mgongo usawa wa T12, yaani pingili ya kumi na mbili ya kifua, ajali ya bodaboda, miguu haifanyi kazi na haina hisia ila mikono na kifua viko vizuri kabisa. Hilo lishike mapema maana kinachonifaa mimi kinaweza kisikufae wewe.

Kiti chenyewe ni kile cha matairi matatu, mawili makubwa nyuma ya inchi 24 yenye meno ya baiskeli, na moja dogo mbele kabisa, limetangulia mbali kuliko vidole vya miguu. Hapa naongelea aina ya kiti, chapa naiacha, hiki changu kimeshapita kwa mafundi na vitu vingi vimebadilishwa. Ila muundo wenyewe una historia nzuri ambayo inafaa ujue. Waliousambaza sana ni shirika la Motivation la Uingereza, lilianza mwaka 1991, na mmoja wa waanzilishi wake David Constantine alivunjika shingo mwaka 1982 kwa kupiga mbizi kule Australia, yaani naye ni mtumiaji wa kiti. Na kule Marekani kuna Ralf Hotchkiss, ameumia uti wa mgongo kwa pikipiki mwaka 1966, yeye na wenzake ndio waliokuja na kiti cha RoughRider, cha matairi manne lakini yale madogo ya mbele ni mapana na ni ya mpira laini, wanayaita gurudumu la Zimbabwe kwa sababu wazo lilitoka kwa mafundi wa huko. Mimi hii inanigusa sana. Vitu vilivyotengenezwa na watu wanaokaa humo vinajulikana tu ukishakaa.

Sasa kwa nini matatu. Kile kiti cha kukunja cha hospitali kimetengenezwa kwa ajili ya korido ya sakafu. Vile vitairi viwili vya mbele ni vidogo, vigumu, na viko chini ya miguu yako, kwa hiyo vikiingia kwenye shimo au mchanga vinasimama palepale, kiti kinagoma, wewe unaendelea na safari, unatua kwa uso. Cha matairi matatu tairi la mbele liko mbali, uzito wako mwingi umekaa juu ya matairi makubwa ya nyuma, na pointi tatu zinakanyaga chini muda wote hata ardhi ikiwa imepinda. Ukigonga jiwe kinatikisika halafu kinapita. Nimepita nacho njia za Rau hapa Moshi wakati wa mvua, nimepanda nacho kwa bibi Marangu kule kwenye migomba ambako njia ni tope jekundu la kuteleza, na vumbi lote la kutoka Boma Ng'ombe kwenda Chemka nalijua. Kupanda mlima mkali peke yangu bado hapana, hapo mpwa wangu anasukuma, ila tambarare na miteremko ya kawaida naenda mwenyewe, na wakati wa kushuka vaa glavu za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea zinatosha, la sivyo viganja vinaungua.

Chemka niliyoizungumzia hapo juu ndiyo ilikuwa ndoto yangu toka nikiwa wodini. Kiti kilifika mpaka karibu na maji, kwenye ile mizizi mikubwa ndio nikabebwa. Niliingia na trakisuti ndefu na soksi nene, sio kwa sababu ya baridi, ni kwa sababu mizizi na mawe vinachuna ngozi na mimi sisikii. Nikashika kamba, nikaachia miguu ikaelea yenyewe. Wale samaki wadogo wakaja kudonoa soksi, mpwa wangu anapiga kelele "mjomba wanakula miguu yako!" na mimi nawaangalia tu kwenye yale maji meupe mpaka chini. Kwenye maji sina ulemavu wowote jamani, mikono inatosha. Tulipotoka tukakagua ngozi yote kwa kioo kabla hata ya kula.

Na hapo ndio niseme jambo kubwa kuliko kiti chenyewe: mto wa kukalia. Usinunue kiti cha njia mbovu ukaweka godoro la kukata. Huku chini hatusikii maumivu, mifupa ya makalio inabana ngozi, damu haipiti, na barabara mbovu inaongeza kurushwarushwa na kusuguliwa, kidonda kinaanza kwa wekundu tu usioondoka na kinaweza kukulaza miezi. Mimi natumia wa sponji ya tabaka, umechongwa shimo pale mifupa inapokaa, na kava lisiloingiza maji. Ile ya hewa ni mizuri sana kwa ngozi ila kwa miiba ya huku naogopa pancha nikiwa porini. Na hata uwe na mto wa namna gani, kila baada ya dakika 15 mpaka 30 inama mbele kifua kielekee magotini, kaa hivyo dakika moja mbili, damu ipite. Mimi naweka alamu kwenye simu maana ukinogewa na safari unasahau.

Mabaya yake sasa. Ni kirefu. Kwenye nyumba zetu zenye korido nyembamba kugeuka ni shughuli, kwenye vyoo vingi hakiingii kabisa, kwa hiyo ndani natumia kiti kingine kidogo. Kwenye bajaji inabidi ung'oe matairi ya nyuma na fremu bado inabaki imetokeza. Kama umeshazoea kuinua mbele na kubalansi kwenye matairi mawili ya nyuma ili kupanda ngazi, hiki kinagoma kwa huo urefu wake, ngazi ni mpaka mtu akuvute kinyumenyume. Na lile tairi la mbele, beringi zake vumbi laini la Boma lilizimaliza haraka sana, sasa hivi kila nikitoka safari ya mbali zinafunguliwa na kupakwa grisi upya. Ila vipuri ni raha. Tyubu, tairi, spoku, beringi, vyote anavyo fundi baiskeli, siku moja nimepata pancha Himo na kijana wa pale kaiziba kama baiskeli nyingine yoyote.

Kuna pia viti vya leva, yaani fimbo mbili za kusukuma kwa mikono, walivyobuni chuo cha MIT cha Marekani, Amos Winter na wenzake, unashika leva juu ukitaka nguvu, unashika chini ukitaka mwendo, navyo vimetumia vipuri vya baiskeli. Kwa shamba kubwa na safari ndefu ningekichukua hicho. Na wale wanaoniuliza Kilimanjaro, ni kweli Chris Waddell ambaye amepooza miguu alifika kileleni mwaka 2009, mita 5,895, lakini alitumia chombo maalumu cha kuzungusha kwa mikono na alikuwa na timu nyuma yake, kiti hiki hakifanyi hiyo kazi.

Kuhusu kukipata: usikubali kupewa kiti bila kupimwa. Kuna duka moja niliingia mwanzoni wakanisogezea kilichokuwepo, kipana, nikawa nakaa upande, mgongo ukaanza kupinda. Karakana iliyonihudumia baadaye walinipima upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha mgongo, wakanikalisha, wakatia mkono chini kuangalia mifupa inakaa wapi, halafu wakanifundisha kushuka na kupanda. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) wanavyotaka tangu mwongozo wao wa 2008, kupimwa, kurekebishiwa na kufundishwa, sio kukabidhiwa tu na kupigwa picha. Sisi wa Moshi tuna bahati, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC kimefundisha mafundi wa hii kazi, ulizia wanaoijua.

Kama jeraha lako liko T6 (pingili ya sita ya kifua) kwenda juu, ongea na daktari kabla ya safari za jua kali, mwili hautoi jasho vizuri chini ya jeraha na joto linapanda bila wewe kujua, beba chupa ya kujipulizia maji. Na kichwa kikianza kuuma ghafla na jasho kutoka usoni, kaa wima haraka, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au kibofu kimejaa, hapo presha ya damu imepanda ghafla na ni ya hatari, na isiposhuka nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa jeraha la shingo ambapo kiwiliwili hakijishikilii, omba mgongo mrefu na mkanda wa kifua, haka kamgongo kafupi ka kwangu hakatakushika.

Mwenye swali la vipimo aweke hapa chini, nitajibu jioni.