foobar2000 kwa kugeuza na kusawazisha nyimbo nyingi kwa mkupuo: uzoefu wangu

Nyimbo zangu ni mchanganyiko: taarab zilizotolewa kwenye kaseti, muziki wa dansi kutoka CD, na Bongo Fleva za mtandaoni. Zikikutana kwenye flashi ya gari, taarab unaiongezea sauti hadi mwisho ndipo isikike, halafu wimbo unaofuata unakupasua masikio. Na faili za FLAC (aina ya faili inayobana muziki bila kupoteza ubora) redio ya gari langu haizisomi kabisa. Kazi yote hiyo naifanya kwa foobar2000, programu ya bure ya Peter Pawłowski, na sioni sababu ya kuhama.

Kugeuza ni rahisi. Naburuta folda nzima, nachagua nyimbo zote, nabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, kisha Convert. Kwa MP3 pakua kwanza Free Encoder Pack, kifurushi cha zana za kutengeneza faili hizo, nayo ni bure kwenye tovuti yao. Kwenye sehemu ya jina la faili nikiandika %artist%/%album%/%tracknumber% - %title%, kila wimbo unaingia wenyewe kwenye folda ya msanii na albamu yake. Tagi, yaani taarifa za wimbo zilizoandikwa ndani ya faili, ziwe safi kabla ya hapo, maana majina yote yanatoka humo.

Lakini kilichonishika hasa ni ReplayGain. Programu inapima ukubwa wa sauti kwa kukadiria jinsi sikio linavyousikia, ikilenga -18 LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti), kisha inaandika kwenye tagi namba ya desibeli (dB) za kupunguza au kuongeza wakati wa kupiga. Muziki wenyewe hauguswi. Bongo Fleva moja niliyoipima ilipewa -9.4 dB, taarab ya kaseti ikapewa +3.8 dB. Tofauti ya desibeli zaidi ya 13! Ndiyo iliyokuwa ikinichosha barabarani.

Unaweza kupima wimbo mmoja mmoja au albamu nzima. Kwa taarab ya asili mimi nasisitiza albamu nzima. Bashraf, ile ya ala tupu, inaweza kuwa tulivu kuliko wimbo unaofuata, na wapigaji walikusudia hivyo. Ukisawazisha kila kipande peke yake unawavurugia kazi yao. Wimbo mmoja mmoja napima pale tu ninapochanganya nyimbo za albamu mbalimbali.

Redio nyingi za gari hazisomi tagi hizo. Dawa ni kuingia sehemu ya Processing wakati wa kugeuza, kuwasha ReplayGain, na kuchagua pia kinga ya kilele (pale sauti inapofika juu kabisa) ili sauti isipasuke. Nakala inatoka ikiwa imeshasawazishwa, na faili ya awali inabaki salama. Tafadhali usifute za awali.

Wimbo ambao tayari ni MP3 siugeuzi upya, kwa sababu kila mara unapougeuza unapoteza ubora kidogo, na kuupeleka FLAC hakurudishi kilichokwisha potea. Nafanya nakala yake, napima, kisha kwenye menyu ya ReplayGain naamuru badiliko liingie ndani ya faili. Linakwenda kwa hatua za desibeli 1.5 bila kuubana wimbo upya, na linaweza kurudishwa.

Kwa wenye kaseti: ukipandisha sauti, mvumo wa utepe nao unapanda. ReplayGain haisafishi rekodi, hivyo punguza mvumo kwanza kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, kisha ndiyo upime.