Kauntabuku la kwaya 2, mbele miamala nyuma riwaya

Watu wanafanya rivyuu za simu na spika, leo na mi nafanya rivyuu ya daftari, msinicheke. Ni kauntabuku, lile la jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu, kwaya 2 (kwaya ndo kipimo cha unene wake), kurasa 192, nililinunua steshenari moja Kariakoo kwa 3,500 mwezi wa tatu na limeisha juzi, ndo maana nina uhakika na ninachosema.

Kwanza mjue nalitumiaje maana sio matumizi ya kawaida. Mi nimeajiriwa kukaa kwenye kibanda cha uwakala huku Mbagala, kutoa na kuweka hela, na bosi anataka kila muamala uandikwe, tarehe, namba, kiasi, floti iliyobaki (hela ya kwenye simu), keshi iliyobaki. Sasa mi toka kidato cha pili naandika hadithi, na kibandani kuna masaa hapiti hata kuku, hasa kuanzia saa nane mchana jua likiwa kali, basi nikaligeuza daftari kichwa chini nikaanza riwaya kutokea nyuma. Mteja akisimama dirishani nalipindua tu naandika namba yake, akiondoka narudi nilipoishia.

Mtauliza kwa nini nisiandike kwenye simu kama wenzangu. Nimeandika kwenye simu miaka miwili mizima. Vishandu, wale waporaji wa barabarani, wakanipitia Rangi Tatu hapa Mbagala wakaondoka nayo na sura saba ndani, sikuwa nimehifadhi popote pengine, na nililia sura saba kuliko simu yenyewe ambayo nilikuwa bado nailipia mkopo. Ila kiukweli hata kabla ya vishandu simu ilishaanza kuniharibu. Nilikuwa naweka hadithi kwenye grupu la WhatsApp, si mnazijua zile za unatuma buku, yaani elfu moja, unaunganishwa, basi kila jioni ni "endelea dada", "mbona fupi leo", "umeishia patamu", na mi nikawa kila kipande namalizia mlango unagongwa au mtu anaanguka chini, mpaka mhusika wangu alizimia mara nne ndani ya wiki moja. Mtu anazimia mara nne halafu hapelekwi hata zahanati! Kwenye kauntabuku hakuna anayekusubiri, nilitumia kurasa tatu nzima kuelezea mwanamke anahesabu noti na hakuna aliyelalamika.

Haya turudi kwenye daftari lenyewe. Kitu ninachokipenda zaidi ni kushonwa. Limeshonwa kwa uzi katikati ya kila fungu la karatasi, sio zile pini za madaftari ya shule ambazo ukichana ukurasa mmoja wa mbele na mwenzake wa nyuma anakufuata. Linafunguka likalala, huhitaji kulikandamiza na kiwiko. Mistari imechapwa vizuri mpaka kurasa za mwisho, na mwandiko wangu unaingia kama maneno 280 kwa ukurasa, kwa hiyo ukilijaza lote unapata maneno elfu 50 na ushee, riwaya kabisa hiyo, kwa 3,500.

Lawama sasa. Karatasi ni nyepesi mno, ukikandamiza peni maandishi yanavimba upande wa pili kama vipele, ukiangalia kwenye mwanga unasoma kurasa mbili kwa pamoja. Na gundi ya mgongo haipendi joto, kibanda changu cha bati, mwezi wa tano tu mgongo ukaanza kubanduka, nikaweka selotepu, selotepu nayo ikabanduka, nikaishia kulivalisha kitambaa cha khanga iliyochakaa nikalishona kwa mkono. Limependeza kuliko lilivyotoka dukani ila sio kazi ya mnunuzi kumalizia kazi ya kiwandani.

Peni. Usilichukulie poa suala la peni. Mi natumia Bic ya kawaida, ile inayoonesha wino, na nilishawahi kujaribu za jeli kwa sababu zinateleza na zinafanya mwandiko unakuwa mzuri, mpaka mvua za masika zikavuja kwenye bati usiku. Asubuhi nafungua, kurasa za jeli zimekuwa bahari ya bluu, za Bic maji yamepita na kila neno lipo, kwa sababu wino wake ni wa mafuta. Hiyo peni iliingia sokoni Ufaransa 1950 na mpaka leo umbo lake ni lilelile, pembe sita kama penseli, na hapo kwangu ndo penye faida maana meza ya kibanda imeinama, peni ya duara inabingirika mpaka miguuni kwa wateja. Wenyewe wanasema moja inaandika kilomita mbili mpaka tatu. Mi kilomita sijapima ila kwa miamala na riwaya nimemaliza tano, na mbili kati ya hizo sikuzimaliza mi, ziliondoka na wateja. Anayeazima peni kwa wakala harudishi, mtaniambia.

Sasa kwa nini nang'ang'ana na kauntabuku la kazini badala ya kununua langu nikaandikie nyumbani kwa utulivu? Nimejaribu. Nyumbani haiji. Nikikaa kitandani na daftari safi naandika jua, mawingu, upepo, basi. Kibandani ndo hadithi inakuja yenyewe dirishani, inasema "weka elfu kumi".

Kuna mama mmoja, simtaji wala sitosema anauza nini. Kila mwanzo wa mwezi anakuja na karatasi yenye namba, anasema weka elfu kumi humu. Naingiza namba, jina linatokea, namsomea ili ahakikishe kama inavyotakiwa. Anasikiliza lile jina, anatingisha kichwa, halafu anasema "haya acha tu mwanangu, nitarudi kesho." Kesho harudi. Mwezi unaofuata namba ileile, jina lilelile, acha tu mwanangu. Mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu kamisheni imeniponyoka. Mara ya tatu nikaelewa kwamba hakuja kutuma hela, alikuja kusikia lile jina bado lipo. Siku ile niligeuza daftari nikaandika mpaka saa kumi na mbili jioni, wateja wawili walinifokea, na yule mwanamke anayehesabu noti kwenye riwaya yangu ndo alizaliwa hapo. Nilimpa jina jingine, mji mwingine na umri mwingine, lakini ile "haya acha tu" nimeiacha vilevile.

Mi kwetu Tanga, na Tanga ukisema unaandika utatajiwa Shaaban Robert kabla hujamaliza sentensi, mtoto wa Vibambani. Wenzangu wanampendea mashairi. Mi kilichonikaa ni kwamba alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 mpaka 1944, miaka 18, mtu wa kuandika kazi za ofisi mchana kutwa na bado akaandika yale yote. Nikichoka na miamala huwa namuwaza na yeye mezani kwake, mizigo ya watu imerundikana mbele yake, na najiuliza kama kuna rejista yoyote ya serikali aliwahi kuigeuza nyuma mbele.

Kasoro nyingine ya kauntabuku, na hii wanaotaka kushindana waisikie, ni kwamba mashindano hayapokei mwandiko wa mkono. Mi nailenga Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ya uandishi, ile wanayoisimamia TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), na hapo lazima utaipe. Steshenari ya jirani wanataipu kwa buku kwa ukurasa, na kijana wao anarekebisha anavyotaka, nilimpa kurasa nne za majaribio akanibadilishia "akanyamaza" zote kuwa "akanyamanza" na akaongeza alama za mshangao kwa hiari yake. Kwa hiyo piga hesabu ya kutaipisha kabla hujasema 3,500 ni rahisi. Mi sasa hivi nataipu mwenyewe kwa simu ya kuazima, ukurasa mmoja kila usiku, na nikitaipu ndo naona uozo wangu, kwa hiyo sio hasara yote.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimekata kwa ajili ya gundi.

Ila kuna jambo sikuwa nimelipangia. Miamala ilikuwa inatoka mbele na riwaya inatoka nyuma, na wiki iliyopita vikakutana, katikati ikabaki karatasi moja. Na bosi akaja siku hiyohiyo kukagua floti. Akafungua, akahesabu, hesabu zikakubali, halafu akapindua ile karatasi ya mwisho akakuta maandishi yamesimama kichwa chini. Akaligeuza. Nikajua hapa kazi sina. Akavuta lile stuli la wateja akakaa, akasoma, mtu akaja kutoa elfu ishirini nikamhudumia mikono inatetemeka, mwingine akaja, bosi bado anasoma na miwani ameishusha puani.

Mwishowe akauliza, "Huyu mama, hela alituma au hakutuma?"

Nikamwambia bosi sijafika huko, karatasi imebaki moja na ni ya miamala yako. Akanyamaza, akatoa elfu kumi akasema kanunue mawili, la hesabu na la kwako, na usinichanganyie tena. Nimenunua kwaya 3 yote mawili, nikaongezea hela yangu. Leo nimepokea mshahara, ile elfu kumi ameikata.